Rafu Zinawaka, Nani Ameshika Swichi?

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu usiku, Njiro. Baridi ya mwezi wa saba, manyunyu nje, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi. Mimi na shoga yangu tumekunja miguu kwenye sofa na chai ya tangawizi. Ghafla rafu zote tatu za sebuleni zikageuka zambarau. Halafu kijani. Halafu giza! Dakika moja baadaye meseji ikaingia: "Umeipenda?" Kumbe ni mume wangu, muongoza watalii, yuko Karatu na wageni wake, anachezea taa za nyumbani kwa simu.

Shoga yangu alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Programu ya taa ilikuwa kwenye simu yake peke yake, na kwa siku kumi alizokuwa porini nilijiona mgeni kwenye sebule yangu mwenyewe. Tuligombana usiku ule, wacha tu.

Sasa basi, mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzi wako mmeshaziona taa za mkanda za LED kwenye dari la jipsamu la jirani na mnazitaka kwenye rafu zenu, kaeni chini kwanza, na futi kamba mkononi. Rafu zetu ni za mninga, kila moja mita 1.2, jumla mita 3.6. Mkanda mwembamba wa volti 12 unaokula wati 4.8 kwa mita unatosha kabisa kupendezesha: wati 17 hivi, adapta ya ampea 2 inaubeba. Sisi, kwa tamaa ya rangi, tulichukua wa wati 14.4 kwa mita. Hapo ni wati 52. Ongeza asilimia 20 ili adapta isichemke, unafika 62, kwa hiyo tukahitaji ya ampea 6. Fundi wa kwanza alituletea ya ampea 3, ikawa inaungua kama pasi. Kuhusu LUKU ondoa shaka. Hata huo mkubwa, ukiuwasha saa tano kila jioni, haufiki uniti 8 kwa mwezi.

Rangi ndiyo ilituletea maneno. Yeye alitaka nyeupe kali, eti inaonekana "ya kisasa". Nyeupe hiyo ya Kelvini 6500 ina bluu nyingi, maana LED nyeupe nyingi kwa asili ni za bluu zilizopakwa unga wa kung'aa wa njano, na mwanga wa bluu usiku huuchelewesha mwili kutoa homoni ya usingizi. Isitoshe, mninga chini yake unapauka kama mbao za boksi. Chukua kati ya 2700 na 3000. Ule wekundu wa mbao unatoka, na vinyago vya Kimakonde vinapata uhai.

Mkanda ukae wapi? Watu wengi wanaubandika nyuma kabisa ya rafu, kitabu na kinyago vinabaki vivuli vyeusi. Uweke mbele, chini ya ukingo, ukitazama nyuma. Na usiuache uchi! Uingize kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe cha maziwa: vidoti havionekani na joto linatoka. Futa vumbi kwanza kwa spiriti, si unajua vumbi la Arusha wakati wa kiangazi. Wetu wa kwanza ulibanduka wiki ya pili, ukawa unaning'inia kama mkia wa ngedere.

Halafu umeme. Mgao wa enzi zile umepungua tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini huku kwetu kukatika hakujaisha. Taa nyingi za aina hii, umeme ukirudi saa nane usiku, zinajiwasha zenyewe kwa nguvu zote. Ingia kwenye mipangilio, chagua zibaki zimezimwa. Pia nyingi zinakubali Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ikigoma kuunganishwa usikimbilie kuirudisha dukani.

Alipotoka safari tulimaliza ubishi. Programu hizi zina sehemu ya kumwalika mwanafamilia. Ilichukua dakika mbili, na sisi tulikuwa tumenuniana siku sita! Mama mkwe alipokuja kutoka Tengeru akauliza, "Mwanangu, swichi yenyewe iko wapi?" Akaenda kuzima ukutani, na taa zikapoteza akili zote. Ndipo tukanunua remoti ndogo ya betri, tumeibandika kando ya mlango, hata mgeni anaiweza.

Makubaliano mengine: akiwa porini hagusi taa bila kuuliza. Zambarau imepigwa marufuku. Nyekundu anaitaka siku Simba ikicheza, ila mimi ni Yanga, kwa hiyo hilo bado liko mezani.