Usiandike "gari haliibiwi" kabla hujajua alamu inafanyaje kazi



Leo naongea na watu wawili. Wa kwanza ni wewe unayeuza vifaa vya magari mtandaoni kama mimi. Wa pili ni wewe ambaye gari lako ndo stoo yako: unachukua mzigo Kariakoo asubuhi, unapaki hapa, unapaki pale, unapeleka kwa wateja. Wote wawili tunategemea kitu kinaitwa alamu, na wengi wetu hatujui inafanyaje kazi. Mimi nilikuwa mmojawapo, na kutojua kwangu kulimtia mtu hasara.

Mwaka jana dada mmoja anayeuza viatu mtandaoni aliona tangazo langu. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: GARI HALIIBIWI, HATA INZI AKITUA INALIA. Akaja fremu, nikamuuzia kwa 85,000 pamoja na ufundi. Baada ya wiki akarudi analalamika. Akipaki Mtaa wa Kongo alamu inalia kutwa nzima, mpaka wenye maduka wanamtukana. Nikachukua bisibisi, nikazungusha kaskrubu fulani kadogo, nikamwambia, "Tayari dada, haitakusumbua tena."

Kweli haikumsumbua. Siku moja alipaki karibu na Msimbazi, nyuma kuna jozi 14 za viatu ambazo wateja wameshalipia. Aliporudi vioo vizima, milango imefungwa, buti limechokonolewa, viatu hakuna. Alamu haikutoa hata mlio mmoja.

Akanipigia simu. "Mdogo wangu, ulisema hata inzi akitua inalia. Hawa walikuwa inzi gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimeishia kidato cha nne, na kuuza vifaa vya magari nimejifunza mwenyewe. Nilijua bei, nilijua boksi lipi linatoka sana, basi. Nikalipeleka lile gari kwa fundi umeme mzee pale Gerezani, akalifungua na kunionyesha kitu kimoja kimoja. Alamu ilikuwa nzima kabisa. Haya ndo aliyonifundisha.

Ubongo wa alamu hauna macho

Alamu ina kiboksi kidogo kinachofichwa chini ya dashibodi. Hicho ndo ubongo. Chenyewe hakioni mwizi. Kinapokea habari kupitia waya, na habari zenyewe ni chache: mlango umefunguka, gari limetikisika, mtu amewasha swichi bila kubonyeza rimoti. Kikipata mojawapo wakati umeshaifunga kwa rimoti, kinapiga king'ora na kuwasha indiketa, kwa kawaida kama nusu dakika hivi, halafu kinatulia na kusubiri tena.

Kwa hiyo kumbuka hili kuliko yote: mahali ambapo waya haujafika, alamu haijui kitu.

Mlango. Kwenye nguzo ya mlango kuna kiswichi kidogo cha kubonyea. Mlango ukifunguka kinachomoza, waya unagusa bodi ya gari, taa ya ndani inawaka. Fundi anaunganisha alamu kwenye waya huo huo. Ndo maana kiswichi kikila kutu, taa ya ndani haiwaki, na alamu nayo inadhani mlango umefungwa.

Buti na boneti. Hapa ndo tulipoumia. Kwenye magari mengi buti lina swichi yake na waya wake wa peke yake. Fundi akiwa na haraka anaunganisha milango minne, anapokea hela yake, anaondoka. Gari la yule dada buti halikuwa limeunganishwa kabisa. Boneti nayo ni hivyo hivyo: isipokuwa na swichi, mwizi anaifungua kimya kimya na kukata waya wa king'ora au wa betri. Kuna ving'ora vyenye kibetri chake cha ndani, hivyo vinaendelea kulia hata betri ya gari ikitolewa.

Mtikisiko. Kuna kidude kingine kinachofungwa kwenye chuma cha gari, kazi yake kuhisi mshtuko. Vingi vina hatua mbili. Ukigusa kidogo vinalia pi-pi-pi kuonya, ukipiga kwa nguvu vinaamsha king'ora chote. Na vina kaskrubu ka kuongeza au kupunguza ukali. Ndo kale nilikozungusha mimi, nikakashusha mpaka mwisho. Mwizi alichokonoa kitasa cha buti taratibu, kidude hakikusikia, na buti halina waya. Ungetaka alamu ilie kwa lipi?

Kwa nini ilikuwa inalia kutwa

Kariakoo si Masaki. Pikipiki inapita inguruma, mkokoteni unagonga bampa, mbeba mzigo anaegemea boneti apumzike. Ukali ukiwa juu, alamu inalia kila saa, na alamu inayolia kila saa ni sawa na mbwa anayebwekea kila mtu. Hakuna anayegeuza shingo, hata mwenye gari mwenyewe. Ukali ukiwa chini sana, inakuwa kiziwi.

Njia ni kupima. Funga gari, subiri dakika moja, kisha piga kioo kwa kiganja kama mtu anayetaka kukivunja, lakini kwa kiasi. Ilie. Halafu egemea mlango taratibu. Isilie. Zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka upate hapo katikati. Inachukua dakika kumi, na mteja wako atakushukuru.

Rimoti nayo ina siri zake

Rimoti inatuma namba kwa mawimbi ya redio. Rimoti za bei ya chini zinatuma namba ile ile kila siku, na ipo mitambo ya kunasa namba hiyo na kuirudia. Rimoti nzuri zinabadilisha namba kila unapobonyeza. Elewa hivi: ya kwanza ni kama namba yako ya siri ya M-Pesa, mtu akiichungulia mara moja anayo. Ya pili ni kama ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, ikishatumika imekufa. Unapochukua mzigo kwa mtu wa jumla muulize, kodi inabadilika au haibadiliki? Asipojua, usimwandikie mteja kwamba inabadilika.

Kingine, kuna wezi wanaovuruga mawimbi. Wewe unabonyeza huku unatembea, wao wanapiga kelele ya redio kwenye masafa hayo hayo, gari halisikii amri yako. Unaondoka ukijua umefunga, kumbe liko wazi. Dawa yake haina gharama: usibonyeze ukiwa umegeuza mgongo. Subiri indiketa ziwake, sikia vitasa vikishuka, halafu vuta mlango kwa mkono.

Na betri ya rimoti ikichoka, mteja atakuja juu anasema "alamu yako mbovu". Weka betri hizo dukani. Ni biashara ndogo, lakini inaokoa ugomvi mkubwa.

Kulia na kuzuia ni vitu viwili

King'ora kinaita watu. Hakishiki gari. Kinachozuia gari lisiondoke ni kitu kingine: alamu nyingi zina rilei ya kukata umeme wa stata, au wa swichi, au wa pampu ya mafuta. Mteja akikuuliza, mwambie wazi kama imefungwa au haijafungwa. Mshauri ile inayozuia gari lisiwake. Ile inayozima injini gari likiwa barabarani ni hatari, maana breki na usukani vinakuwa vigumu.

Halafu kuna imobilaiza ya kiwandani. Hiyo ni chipu ndani ya ufunguo. Gari lisipoitambua chipu, injini haiwaki hata ufunguo ukiingia na kuzunguka vizuri. Ulaya waliifanya lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998. Marekani hawakuilazimisha, na mwaka 2022 video za TikTok zilionyesha vijana wakiwasha baadhi ya Kia na Hyundai zisizo na chipu hiyo bila ufunguo, magari yakaibiwa kwa wingi. Ilipofika 2023 kampuni hizo zilitoa programu mpya. Muda wa kulia kwa alamu ukaongezwa kutoka nusu dakika hadi dakika nzima, na gari likawekewa sharti lisiwake bila ufunguo kuwa kwenye swichi. Unaona? Hata wao hawakuishia kwenye kelele.

Fanya hivi kabla ya kulipa fundi

Shusha kioo kimoja, funga gari kwa rimoti, subiri dakika moja. Ingiza mkono, fungua mlango kwa ndani. Ilie. Rudia kila mlango. Kisha buti, bila kugusa rimoti. Kisha boneti. Mwisho ingia ndani ujaribu kuwasha injini. Kimoja kikikaa kimya, fundi hajamaliza kazi.

Na kama unabeba mzigo wa wateja, alamu ni ya mwisho. Kwanza usiache boksi linaonekana kwenye kioo. Usipange mzigo kwenye buti palepale ulipopaki halafu ukaondoka, maana anayekuangalia ameshaona. Panga, ondoa gari, kapaki kwingine.

Yule dada nilimrudishia 85,000 yake na buti likaunganishwa bure. Viatu sikuweza kumlipa, aliwalipa wateja wake mwenyewe kidogo kidogo kwa miezi miwili. Mpaka leo hanunui kwangu, na simlaumu.

Tangazo langu siku hizi linasomeka hivi: "Alamu ya gari, milango, buti na boneti vyote vimeunganishwa, tunajaribu mbele yako kabla hujalipa. Inakupa taarifa na kuzuia gari lisiwake. Haiwezi kulinda mzigo ulioacha unaonekana." Si tamu kama lile la inzi. Lakini tangu nilibadilishe, hakuna mteja aliyenipigia simu kuniuliza swali lisilo na jibu.

Wewe unauza nini? Nenda kasome tangazo lako leo, utafute neno moja ambalo huwezi kulithibitisha mbele ya mteja. Lifute. Na kama una mwenzio anayezunguka na mzigo kwenye gari, mtumie hii asome kabla hajapaki kesho asubuhi.