Nyanya inavyopigana na inzi weupe

Mnyanya hujikinga na wadudu kwa kutumia homoni mbili kuu: asidi ya jasmoniki na asidi ya salisiliki. Ya kwanza hupanda jani linapotafunwa. Mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan, waliokuwa wakitafiti nchini Marekani, walionyesha kuwa mvuke wa methili jasmoneti huifanya minyanya itengeneze protini zinazozuia vimeng'enya vya tumboni mwa kiwavi, naye hula bila kunufaika. Homoni hiyo pia huongeza vinyweleo vyenye utomvu wa kunata juu ya jani. Salisiliki huhusika zaidi na vimelea wanaoishi ndani ya seli hai, hasa virusi na baadhi ya fangasi.

Mara nyingi homoni hizi hukinzana: moja ikipanda, nyingine hushuka. Mwanya huo ndio anaoutumia inzi mweupe, Bemisia tabaci.

Inzi huyu hatafuni. Hukaa upande wa chini wa jani, akachomeka mdomo mwembamba kama sindano na kuupitisha katikati ya seli hadi kwenye mirija ya sukari. Kwa kuwa seli zinazojeruhiwa ni chache, kengele ya jasmoniki hailii sana. Mate yake nayo huamsha salisiliki, ambayo hudidimiza kinga ya jasmoniki, kinga hasa ambayo ingemdhuru. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa kwa mmea wa maabara uitwao Arabidopsis ulidhihirisha jambo hili: kwenye mimea yenye kinga dhaifu ya salisiliki, tunutu wa inzi huyu walichelewa kukua, ilhali kwenye mimea isiyoitikia jasmoniki walikua upesi.

Madhara huvuka hadi kwa majirani. Utafiti wa mwaka 2019 ulibaini kuwa harufu ya minyanya iliyoshambuliwa huiandaa ile ya jirani kuamsha salisiliki, hivyo inzi wakifika huko hustawi zaidi.

Hata hivyo, salisiliki ina faida yake. Jeni iitwayo Mi, iliyotoka kwa mnyanya pori wa Peru, hukinga nyanya dhidi ya minyoo fundo, baadhi ya vidukari na inzi weupe, na kinga yake kwa vidukari husaidiwa na homoni hiyohiyo.

Kumwagia shamba zima jasmoniki si suluhisho jepesi, kwani homoni hiyo hupunguza kasi ya ukuaji. Mbegu bora ni ile inayomtambua mnyonyaji mapema na kuamsha kinga inayofaa kwa wakati wake.