Meli ya Khedive Ismail na majina ya Ngong Road

Ukipanda matatu ya 111 kwenda Karen, ukishapita Jamhuri, kabla ya uwanja wa mbio za farasi, utafika kwenye makaburi ya vita. Wanaoshuka pale ni wachache, na wengi wao huishia kwenye safu za mawe ya kaburi. Kwenye ukuta wa ukumbusho kuna mamia ya majina ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Walizama na SS Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Ceylon.

Kumfuatilia askari mmoja wa ukutani ni kazi ngumu. Kuifuatilia meli ni rahisi mno. Waingereza walikuwa na bidii ya kuandikisha meli: sheria yao ya 1854 ilitaka kila meli iliyosajiliwa iwe na namba rasmi, nayo ikachongwa kwenye boriti kuu. Jina likibadilishwa, namba ilibaki ileile. Kando ya daftari la serikali, Lloyd's Register ya London ilichapisha kitabu chake kila mwaka kwa ajili ya watoa bima, na kurasa za 1930 hadi 1945 zinasomeka bure mtandaoni.

Ndiyo maana wasifu wa Khedive Ismail haujapotea. Iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua na kusafiri chini ya kampuni ya Chile. Mwaka 1935 ilinunuliwa na Khedivial Mail ya Misri, ndipo ikapata jina jipya. Wakati wa vita, Uingereza ikaichukua kubeba wanajeshi. Daftari la meli ni hati ya mali. Linajua mwenye chombo na mahali kilipoundwa, lakini halina safu ya abiria.

Siku ilipozama, meli ilikuwa na watu wapatao 1,500, wakiwemo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga, wauguzi na mabaharia. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Kisha manowari ya Kiingereza, Petard, ikadondosha mabomu ya kuvunjia nyambizi palepale walipokuwa wakiogelea walionusurika, kwa sababu adui alikuwa amejificha chini yao. Kwa jumla wakafa karibu 1,300.

Hakuna kiingilio pale makaburini. Tafuta vibao vya East African Artillery.