Shingo imevimba: damu ya mtoto itatuambia nini?

Mtoto akionekana amevimba shingo, wazazi wengi husema mara moja: ni rovu, amekosa madini joto. Kwa miaka mingi jibu hilo lilikuwa sahihi, hasa kwa wenzetu wa nyanda za juu. Lakini lipo rovu jingine ambalo chumvi hailiponyi.

Tezi ya shingo ina umbo la kipepeo, nayo hutengeneza homoni zinazoendesha ukuaji na joto la mwili. Kuna watoto ambao kinga yao ya mwili hugeuka na kuishambulia tezi hiyo. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake 4. Mwaka 1956 watafiti wa London waligundua kingamwili zake ndani ya damu. Huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana.

Dalili huja polepole mno. Mtoto haongezeki urefu. Sketi ya shule ya mwaka juzi bado inamtosha. Huona baridi, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, na darasani husinzia. Inasikitisha kwamba wengine huchapwa viboko kwa uvivu, kumbe ni wagonjwa.

Kipimo cha kwanza ni TSH. Hii ni homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, nayo huiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilegea, amri huongezeka na TSH hupanda. Pamoja nayo hupimwa T4 huru. Hiyo ikiwa chini na TSH iko juu, tezi imeshindwa kazi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 matibabu yasicheleweshwe hata kidogo, maana ubongo bado unajengwa.

Ndipo zinapimwa kingamwili dhidi ya TPO na dhidi ya thairoglobulini, ili kujua sababu. Mtoto anayekonda, moyo ukimwenda mbio na macho yakimtoka, hupimwa kingamwili nyingine, TRAb, kwa kuwa tezi yake inafanya kazi kupita kiasi.

Hapa tunaomba wazazi wasikilize vizuri. Kukutwa na kingamwili si sawa na kuugua. Wapo watoto wengi wenye kingamwili ambao TSH yao ni ya kawaida. Hao kwa kawaida hawahitaji dawa, bali kurudia TSH kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kurudia kipimo cha kingamwili kila safari ni kupoteza fedha, kwa maana matibabu hayafuati wingi wake. Ulizeni pia kama majibu yamelinganishwa na viwango vya umri wa mtoto, siyo vya watu wazima. Na kama anameza vidonge vyenye biotini, mwambieni daktari kabla ya kutoa damu, kwani huvuruga majibu.

Wenye kisukari cha aina ya 1 na wenye hali ya Down wapimwe tezi hata bila dalili.

Tezi ikishindwa kazi, mtoto hupewa levothairoksini, kidonge kimoja kwa siku, kwa maji, tumbo likiwa tupu. Vidonge vya madini ya chuma au vya chokaa ameze baada ya saa 4.