Nati Ishikayo Nguvu ya Gari

Magari ya kwenda porini twayaona kila siku, yakipanda milima na kuvuka matope. Mojawapo ni Land Rover, iliyoonyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Lakini ni wachache wetu walioinama kutazama chini yake. Huko mna nati moja ambayo ikilegea huleta hasara kubwa. Hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Nguvu ya injini hutoka katika giaboksi, ikapita katika propela, ile shafti ndefu, mpaka ikafika katika difu, lile tumbo la ekseli. Ndani ya difu mna magurudumu mawili ya meno: dogo huitwa pinioni, kubwa huitwa krauni. Katika Land Rover nyingi za zamani dogo lina meno 10, na kubwa meno 47. Basi propela huzunguka karibu mara tano ili matairi yazunguke mara moja.

Propela na pinioni huunganishwa kwa flanji, yaani kisahani cha chuma chenye matundu manne ya bolti. Katikati ya flanji mna mifereji iingianayo na mifereji ya pinioni. Hiyo ndiyo ibebayo nguvu ya kuzungusha. Kazi ya nati ni kuishika flanji isichomoke wala isicheze. Nati ikilegea, flanji hutikisika, mifereji hulika, mafuta huvuja, na mwisho meno ya pinioni huweza kuvunjika.

Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki matairi, bali huishika propela. Propela ya nyuma ikianguka mlimani, breki hiyo haifai kitu, na injini nayo haiwezi tena kuyazuia matairi ya nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kufungua bolti hata moja, yatupasa kuweka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi.

Nati hukazwaje? Kwanza flanji hufungwa kwenye upande wa chuma kirefu ili isizunguke, kisha nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Baadhi ya nati zina meno kama taji, na kipini cha chuma hupitishwa humo. Tundu lisipolingana, tusirudishe nati nyuma, bali tuikaze mbele kidogo mpaka lilingane. Kipini cha zamani kitupwe, kitiwe kipya.

Lakini tujihadhari. Katika magari mengine, kati ya beringi mbili za pinioni mna kibomba laini kilichowekwa ili kibonyee kwa kadiri. Kikibonyea kupita kiasi hakirudi tena. Beringi hubanwa, hupata moto na kuungua. Hapo kukaza kwa nguvu zote si ustadi, ni uharibifu. Hapana budi kutia kibomba kipya na kupima tena.

Basi, dereva akisikia kishindo chini kila aondoapo gari, au akiona mafuta yakidondoka puani mwa difu, asingoje safari nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.