Je, Wajua? Christian Okoye, Mtupa Kisahani Aliyeitikisa NFL

Je, wajua kwamba mwaka 1989 aliyekimbia na mpira umbali mrefu kuliko wote katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, alikuwa mzaliwa wa Enugu, Nigeria? Huyo ni Christian Okoye wa Kansas City Chiefs. Hadi anatimiza miaka 23 alikuwa hajaucheza mchezo huo.

Kilichompeleka Marekani ni kisahani. Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California, kilimfadhili kwa sababu ya riadha, na huko akarusha pia tufe na nyundo. Mwaka 1984 Nigeria ikamwacha nje ya kikosi cha Olimpiki ya Los Angeles, jiji lililo jirani kabisa na chuo chake. Mwenzake wa chuoni, Innocent Egbunike, alikwenda na akapata shaba katika mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Mwaka huohuo Okoye akajiunga na timu ya futiboli ya chuo.

Je, wajua kwamba Chiefs walimchukua mwaka 1987 akiwa chaguo la 35 timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya, na jezi yake ikawa namba 35?

Kazi yake ilikuwa kukabidhiwa mpira na kupenya katikati ya watu waliopangwa kumwangusha. Alikuwa na kilo zipatazo 118, tena ana mbio. Wakamwita Jinamizi la Nigeria. Msimu ule wa 1989 alikabidhiwa mpira mara 370, akavuna yadi 1,480: wastani wa yadi 4 tu kwa kila mbio, na karibu kila mara alimalizia chini, amelaliwa na watu. Mwili gani huhimili hayo miaka mingi?

Septemba 1990 Steve Atwater wa Denver Broncos, mwepesi kwake kwa kilo kama 20, alimkabili kifua kwa kifua akamsimamisha. Picha hiyo huonyeshwa mpaka leo. Kumkumbuka Okoye kwa pigo hilo moja ni kumdhulumu. Mwaka 1991 aliteuliwa tena kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Alicheza misimu 6 tu, akaondoka na yadi 4,897, akiwa amefikisha mpira mwisho wa uwanja mara 40. Rekodi yake ya msimu mmoja pale Chiefs ilidumu hadi 2001, Priest Holmes alipofikisha yadi 1,555.