UZI: Treni nzito, daraja na siasa za tani

1/ Mjadala wa SGR ukianza, mmoja anataka tupakie zaidi, mwingine anasema madaraja yataanguka. Wote wanahesabu tani za treni nzima. Hebu tuhesabu vizuri.

2/ Reli ya Mombasa–Nairobi ilijengwa kubeba tani 25 kwa kila ekseli. Behewa la ekseli 4 basi lisipite tani 100, mzigo na behewa lenyewe. Treni ikiwa ndefu, kila kipande cha daraja kinabeba tu mabehewa yaliyo juu yake wakati huo.

3/ Sasa chukua mfano wa transfoma kubwa ya stima: pamoja na behewa, tani 200. Kwa ekseli 4, kila moja inabeba 50. Haipiti! Kwa ekseli 10, ni 20. Mzigo ni uleule.

4/ Lakini ekseli zikibanana, uzito unarundikana mahali pamoja. Ndiyo maana wahandisi hupigia hesabu kila daraja njiani, kisha hutoa masharti: mwendo wa polepole, hakuna kukanyaga breki ghafla darajani, ukaguzi baadaye.

5/ Tena chuma huchoka. Mzigo unaweza kupita salama leo, ufa ukaja baada ya miaka ya kurudiarudia.

6/ Ukaguzi haukatiwi utepe, kwa hivyo ni rahisi kuunyima bajeti. Mwanasiasa akikuahidi tani zaidi, muulize: madaraja yamepigiwa hesabu na nani, na pesa za kuyakagua ziko wapi?